Do, Re, Mi, Pa

Desemba iliyopita nilikabidhi funguo za kabati la muziki, na tangu siku hiyo nyinyi walimu vijana wa kwaya hamniachi nipumue. Mnataka niwaandikie mambo ya muhimu ya kazi hii. Ya muhimu ni machache: fika mapema, beba maji ya kunywa, na usimpe ubeti wa kuimba peke yake mtu aliyegombana na mumewe asubuhi hiyo. Mengine yote nilijifunza kwa kukosea, na kuna kosa moja hasa lililonifanya nitafute kalamu. Someni polepole. Mimi ni mwalimu, nitarudia mahali ninapotaka.

Nilikuja Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini nikimfuata mume wangu, Wafula, aliyekuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha saruji huko Athi River. Tulitoka Bungoma na watoto wanne, magodoro mawili na uma wa sauti niliopewa na mwalimu aliyenifundisha. Ni chuma kidogo cha pembe mbili; ukikigonga gotini na kukiweka karibu na sikio, kinakupa noti moja isiyodanganya. Wafula alizoea kusema kwamba katika nyumba yetu hicho ndicho kitu pekee ambacho sikuwahi kukisahihisha.

Kitengela ya wakati huo ilikuwa barabara, maduka machache, soko la mifugo na upepo. Ukianika nguo asubuhi, jioni unazitafuta kwa jirani. Kanisa letu lilikuwa la mabati, na ndani yake mlikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, cha mbao, chenye mifuko ya hewa iliyotobokatoboka. Jumapili ya kwanza nilikanyaga, ikatoka noti moja na mtoto wa panya. Wiki nzima iliyofuata nilikuwa chini ya kile kinanda na gundi, vipande vya mpira wa baiskeli na taulo ya Wafula, ambayo hakuiulizia kamwe kwa sababu alijua jibu. Nawaambia hivi ili mjue kwamba kazi ya mwanamuziki wa kanisa, nusu yake ni ufundi wa kubahatisha.

Mchungaji alinieleza kwamba parishi ina kwaya mbili. Moja ni ya Kitengela: watu wa kazi za mshahara, wengi wetu tuliotoka magharibi, tunaosoma noti na kupenda kubishana. Nyingine ni ya akina mama wa Kimasai, katika kanisa letu dogo lililo mbele ya Isinya, njia ya kwenda Kajiado. Hao hawakuwa na kitabu hata kimoja na hawakukihitaji. Alitaka nizifanye ziwe kwaya moja. Alisema kama mtu anayeomba kuongezewa sukari kwenye chai.

Jumamosi iliyofuata nilipandishwa pikapu ya parishi nikapelekwa huko. Nilikuta akina mama kumi na wanne wamekaa kwenye mabenchi, shanga zimepangwa shingoni, wananiangalia. Nikasalimia "Takwenya", neno pekee la Kimaa nililokuwa nimekariri njiani. Wakajibu "Iko!" kwa pamoja, kwa sauti iliyopangika kuliko kwaya yangu ya Kitengela baada ya mazoezi ya mwezi mzima. Nilipaswa kunyamaza hapo nisikilize. Badala yake nilishika chaki nikaandika ngazi ya sauti ubaoni na kuanza kuwafundisha: do, re, mi, fa.

"To, re, mi, pa," wakaimba.

"Fa," nikasema.

"Pa."

"Fa-a. Unauma mdomo wa chini kidogo, halafu unapuliza."

Wakauma. Wakapuliza. "Pa."

Kwa Kimaa sauti hiyo haimo, ndugu zangu, na ulimi uliolelewa bila kitu hauoni sababu ya kukianza uzeeni. Lakini mimi nilikuwa bado mchanga kazini, sikulijua hilo. Nilirudia mpaka mama mmoja mrefu wa mstari wa mbele, aliyeitwa Ng'oto Naserian, yaani mama yake Naserian, akainua mkono kwa adabu zote.

"Mwalimu, samahani. Ile ya kwanza ni do ama ni to?"

"Ni to," nikasema.

Kanisa zima likaangua kicheko. Mimi ni Mbukusu. Kwetu do ikitoka mdomoni imeshakuwa to, na nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo bila mtu kunionyesha.

"Sasa ni sawa," akasema Ng'oto Naserian akijifuta machozi ya kucheka. "Wewe uko na to yako, mimi niko na pa yangu. Mungu atapanga."

Siku hiyo ndipo nilipompata mwalimu wangu wa pili. Alikuwa mama mzee kuliko wote pale, mwenye sauti nzito iliyotoka chini kabisa, na kila mtu alimwita Kokoo, bibi. Jina lake mwenyewe sitaliandika hapa, na mtaona kwa nini. Kokoo ndiye aliyeanzisha nyimbo. Aliimba mstari peke yake, na wengine wakaurudia huku shingo zinakwenda mbele na nyuma. Jumamosi moja mama mwingine aliombwa kuanzisha, akaanza juu mno. Nikapiga makofi kuwasimamisha, nikataka kumpa noti sahihi kwa uma wangu. Kokoo akanishika mkono.

"Mwalimu, simamisha hapana. Ameanza juu, tunaenda na yeye juu. Tukimwacha, amebaki peke yake kama ng'ombe kwa matope."

Wakaenda naye juu. Mishipa ya shingo ilisimama, watoto wakalia, lakini wimbo uliisha na yule mama hakuaibika. Nilirudi Kitengela nikaandika kwa kalamu nene ndani ya mlango wa kabati la muziki: Anayeanzisha akikosea, tunakosea naye wote. Bado pameandikwa. Mkipaka rangi lile kabati, rukeni hapo.

Msidhani niliachana na fa. Tulienda mashindano ya kwaya huko Embulbul, tukiwa kwaya moja kwa mara ya kwanza, na tukaimba wimbo ambao kwa upumbavu wangu ulikuwa na neno "ufufuo" mara nane. Jaji alituandikia kwamba sauti ni nzuri sana, ila angependa kujua "upupuo" ni nini. Niliona aibu. Miezi iliyofuata nilibeba unyoya wa kuku, nikawashikia mbele ya midomo mmoja mmoja: ukisema fa vizuri, unyoya unatikisika polepole, ukisema pa, unaruka. Wa Kitengela nao niliwapitisha kwenye unyoya huo kwa ajili ya haki. Ng'oto Naserian aliurusha unyoya mpaka kwenye paji la uso wa mchungaji.

Wafula alikuwa akija nami Jumamosi ambazo hakuwa zamu. Aliimba besi, alibeba vitu vizito, na alikunywa chai nyingi. Akina mama walimwita Wapula. Kila mara nilisahihisha. "Wa-fu-la, jamani. Fu." Naye kila mara alicheka na kusema, "Mama Nasimiyu, waache. Hilo ni jina langu la Kajiado. Mimi naitikia yote mawili." Nasimiyu ni binti yetu wa kwanza.

Kokoo alituacha baada ya zile mvua za El Nino, barabara zilipokuwa bado zimekatika na magambuti ya kuvukia matope yamepangwa mlangoni mwa kanisa kama waumini wa ziada. Nililia kama aliyefiwa na mama mzazi. Kisha nikafanya ninachojua kufanya: nikakaa mezani na daftari nikamtungia wimbo. Ulikuwa na beti sita, na kila ubeti ulimalizika kwa mstari uleule, wa mmoja kuanzisha na wote kurudia: "Pumzika", halafu jina lake, jina kamili alilobatizwa nalo pamoja na lile la Kimaa. Nilifundisha kwaya ya Kitengela kwa siku mbili. Akina mama wa Kajiado, nilidhani watadaka palepale kaburini kwa kurudia, kama walivyozoea.

Nilianzisha mwenyewe. Ubeti wa kwanza, nilipotaja jina, nikasikia sauti za upande wao zimepungua. Ubeti wa pili zikanyamaza kabisa. Nikadhani ni majonzi, nikaongeza nguvu. Kwenye wa tatu wanaume wa ile familia wakageuka na kuanza kuondoka, polepole, bila neno. Kwenye wa nne Ng'oto Naserian alikuwa ameinamisha kichwa na kufunika masikio ya mjukuu wa Kokoo kwa viganja. Mimi nikaendelea mpaka wa sita, kwa sababu nilikuwa nimeandika beti sita. Watu walewale walionifundisha kutomwacha anayeanzisha, waliniacha. Hapo nikajua kwamba nimekosea kitu kikubwa kuliko noti, lakini sikujua ni kitu gani.

Hakuna aliyenigombeza. Ingekuwa afadhali. Jumamosi iliyofuata pikapu ilinishusha nikakuta mabenchi matupu na mbuzi mmoja mlangoni. Iliyofuata hivyohivyo. Miezi mitatu nilienda na kurudi na unyoya wangu. Mchungaji akaanza kusema kwamba pengine kwaya mbili si mbaya, kila mtu aimbe kwao. Nilikuwa nimewapenda wale akina mama kuliko nilivyojua, na wazo la kuwapoteza lilininyima hamu ya kula.

"Umewauliza?" Wafula akaniambia.

"Nitauliza nini na sijui nimefanya nini?"

"Si ndiyo maana ya kuuliza, Mama Nasimiyu? Wewe umezoea kuuliza maswali ukiwa na majibu."

Hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Nikaenda nyumbani kwa Ng'oto Naserian, nikamkuta anasafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto. Hakusimama, lakini alisogeza kigoda.

"Mwalimu, umekuja kuuliza ama umekuja kupundisha?"

"Kuuliza."

"Basi kunywa chai kwanza."

Nikanywa. Ilikuwa na ladha ya moshi, na nilikuwa nimeikosa miezi mitatu. Kisha akaniambia, bila ukali.

"Ulimwita."

"Nilimwita?"

"Mara sita. Mtu amechoka, amelala, wewe unamwita mara sita mbele ya watoto yake. Sisi jina ya mtu ameenda tunaacha. Hatutaji. Hata kama mtoto kwa hiyo boma iko na jina kama hiyo, tunambadilishia. Wengine siku hizi wanataja, sijui. Sisi hapa hapana."

Nikaweka kikombe chini. "Kwetu usipomtaja mtu kaburini ni kama umemtupa," nikasema. "Tunamwita kwa nguvu ili asipotee."

"Kwa hivyo ulikuwa unamtaputa?"

"Nilikuwa namtafuta. Nilimpenda."

"Hiyo tunajua," akasema. "Ndiyo maana hakuna mtu alikupukuza."

Nikatoa daftari langu mkobani na kumwonyesha ule mstari. Mnajua jinsi tunavyoandika: herufi za sauti, na nukta mbili kati ya pigo na pigo. Mahali pa kunyamaza hatuandiki chochote, tunaacha pengo. Nikachukua raba nikafuta jina la Kokoo, mara sita, mpaka karatasi ikawa nyembamba. Pakabaki neno "Pumzika" na nafasi tupu ya mapigo manne. Nikamwimbia: pumzika, kisha nikahesabu kimya kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne. Ng'oto Naserian aliangalia kile kidole changu mpaka kikamaliza.

"Hapo sasa yuko," akasema. Na Jumamosi mabenchi yakajaa.

Wimbo huo mnaujua, maana parishi yote huuimba kwenye mazishi. Wale ambao desturi yao ni kutaja, anayeanzisha anaingiza jina kwenye ile nafasi. Wale ambao desturi yao ni kuacha, tunahesabu nne. Kabla ya kila mazishi uliza familia. Usibahatishe hata kama unawafahamu miaka ishirini. Upande wa Kajiado, tangu hapo, ulianzishwa na Ng'oto Naserian, na fa nilimsamehe kwenye nyimbo zote isipokuwa Pasaka.

Miaka ikaenda. Kitengela ikapanda maghorofa, upepo ukakosa pa kupitia. Kinanda cha kukanyaga kikastaafu kabla yangu, tukaletewa cha umeme ambacho stima ikipotea tulikiunganisha na betri ya gari. Kina kitufe kimoja chekundu upande wa kushoto. Msikiguse. Niliwahi kukigusa wakati wa Meza ya Bwana, kikatoa disko kwa dakika nzima, na mzee mmoja wa kanisa alionekana kufurahia. Watoto wangu wanne walilelewa wakiosha vyombo kwa sauti nne, na mwenye kukosa noti alirudia sufuria. Wajukuu sasa ni tisa, na ninaposema nyumba yangu ni kwaya si majivuno, ni kwamba hakuna anayekula kabla wimbo haujaisha. Nasimiyu alikuja kuwa msaidizi wangu, kisha nikawa msaidizi wake, na hakuna aliyetangaza mabadiliko hayo.

Wafula aliugua kifua. Alijua, na alipanga mambo yake kwa utulivu uliokuwa ukinikasirisha. Siku moja aliniambia, "Ule wimbo wako, aanzishe Ng'oto Naserian." Nikamwambia anajua vizuri kwamba yule mama hataji majina. Akasema, "Sikusema ataje. Nimesema aanzishe." Wiki mbili baadaye alikuwa ametuacha.

Shemeji zangu walifika Kitengela kutoka Bungoma kwa ibada ya kumuaga kabla ya kumsafirisha. Mkubwa wao aliposikia mpango alinijia.

"Shemeji, huyo mama hatamtaja ndugu yetu. Tutamtoa mtu hapa kimya kimya namna hii?"

"Ndivyo alivyotaka."

"Na wewe unataka nini?"

Nilitaka atajwe. Nilitaka jina la Wafula lipige mabati ya lile kanisa mpaka Athi River wasikie. Niliumia, na sitawaficha hilo. Lakini nilikumbuka karatasi niliyoifuta mpaka ikawa nyembamba, na sikuona vipi ningemwendea Ng'oto Naserian kumwomba avunje kitu ambacho kilinigharimu miezi mitatu kukijua. "Tutahesabu nne," nikamwambia. Nasimiyu nikamwagiza asimwangalie yule mama kwa jicho la kumsukuma, aache kimya kiwe kimya.

Nilikaa benchi la mbele, mahali ambapo sikuwahi kukaa, na mikono yangu haikuwa na kazi. Akina mama wa Kajiado waliingia na shanga zao, wakasimama katikati ya wale wa Kitengela kama walivyozoea. Nasimiyu akaugonga uma wangu gotini, akawapa noti, akainua mkono. Ng'oto Naserian alianza ubeti wa kwanza kwa ile sauti nzito aliyoirithi kwa aliyemtangulia. Wakafika kwenye mstari.

"Pumzika," akaimba.

Nikafumba macho na kuanza kuhesabu kwa kidole. Nilifika moja.

"Wapula."

Nilifungua macho. Alikuwa amesimama wima, ananitazama mimi, machozi yanamteremka, na ilikuwa wazi kwamba kulitamka kulimgharimu. Nasimiyu alibaki na mkono hewani. Wale wa Kitengela, watu niliowatesa na unyoya kwa ajili ya fa, wanaojua jina la mume wangu kwa miaka zaidi ya kumi, walivuta pumzi kwa pamoja. Kisha wakamfuata, sauti zote nne, kama mlango wa kabati unavyosema: "Pumzika, Wapula."

Binti yangu akageuka kuniangalia, akitaka kujua kama arekebishe kwenye ubeti unaofuata. Nikampigia mapigo kwa kidole gotini ili aendelee. Beti ni sita. Ng'oto Naserian alimwita mara sita, na sikumsahihisha hata mara moja.